Peleka Mbele

Nilipoiona filamu ya The Matrix mara ya kwanza, sikujua kwamba ndani yake watu wanaongea. Ilikuwa mwaka 2001, niko darasa la sita, katika kibanda cha video mtaani kwetu Tanga. Mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, jasho tele. Maongezi yakianza tu, ukumbi mzima ulipiga kelele, "Peleka mbele!" Mwenye video akausukuma mkanda mpaka kwenye ngumi. Kwetu sisi Neo, yaani Keanu Reeves, alikuwa stelingi wa miwani myeusi anayekwepa risasi. Anazikwepaje? Hakuna aliyeuliza. Tulirudi nyumbani tukijipinda migongo njiani, na mwenzetu mmoja akaishia mtaroni.

Mwaka 2010, chuoni Dar es Salaam, mhadhiri alitufundisha pango la mwanafalsafa Plato: wafungwa wanaotazama vivuli ukutani tangu utotoni, wakavidhani ndivyo vitu vyenyewe. Wiki hiyohiyo mwenzangu wa chumba aliweka diski ya The Matrix, nami nikakutana na yale yaliyorukwa. Morpheus, kiongozi wa waasi, anamweleza Neo kwamba dunia anayoijua ni programu tu, na kwamba mashine zinafuga binadamu ili zivune nishati ya miili yao. Cypher, mmoja wa waasi hao, anakula kipande cha nyama akijua fika kuwa hakipo, na bado yuko tayari kuwauza wenzake mradi arudishwe kwenye uongo mtamu. Nikaona pia kwamba dunia ya uongo imetiwa ukijani, na ile ya kweli ina ubuluu wa baridi. Neo anaficha diski zake ndani ya kitabu cha Jean Baudrillard kilichochimbwa kurasa: kitabu kinachohusu mambo ya bandia, nacho kimefanywa bandia. Waongozaji Lana na Lilly Wachowski walikuwa wameyapanga hayo yote tangu 1999, sisi tukayapeleka mbele.

Basi nikaingiwa na maringo. Kwa miaka mingi mshika rimoti nilikuwa mimi, nikiziruka ngumi ili niyafikie maneno. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2003, nilimngoja yule Msanifu anayemwambia Neo kwamba yeye ni wa sita, na kwamba hata utabiri wa mkombozi ni chombo cha mashine. Magari yanayofukuzana niliyaona ya watoto.

Mtoto ndiye aliyenirudi. Juzi nilikuwa naitazama ile ya kwanza na mwanangu wa miaka 12. Tulipofika pale Neo na Morpheus wanapopigana ukumbini, ndani ya programu, nikanyoosha rimoti. "Baba, acha!" Nikaacha. Neo yuko hoi, anahema. Morpheus anamuuliza kama anadhani ile anayovuta ni hewa. Mwanangu akasema, "Kumbe hajachoka. Anafikiri tu kwamba amechoka."

Yeye Plato hajamsikia. Amefunzwa na ngumi zilizopangwa na Yuen Woo-ping wa Hong Kong, ambazo waigizaji walizifanyia mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kamera kuwashwa. Katika picha hii pigano lenyewe ni hoja.

Mwenye video wetu aliruka maneno, mimi nikaruka ngumi, na kila mmoja akaondoka na nusu. Ukiipata, itazame yote, na rimoti mpe mtoto.