Homa ya ini B ina mwenzake (Sehemu ya 4)

Juzi kwenye kliniki ya mkoba hapa Matambarale, mama mmoja aliyekutwa na homa ya ini B alipokuwa mjamzito aliniambia, "Nesi, mimi si ninayo tayari? Basi hizo nyingine haziniwezi." Nikacheka. Nikajuta papo hapo, maana hakuwa anatania.

Jamani, ni kinyume chake. Kuna kirusi kinaitwa D. Chenyewe hakijiwezi, lazima kijivike koti la B ndiyo kizaliane. Kikimpata mwenye B sugu, mara nyingi kinang'ang'ania, na ini linaanza kusinyaa mapema kuliko kwa mwenye B peke yake. Hata saratani inakuwa karibu zaidi. Kinapita kwenye damu na kujamiiana, kama B. Wembe mmoja wa chale kwa watu watatu, hapana kabisa! C nayo inapenda damu. Hata ile A ya maji na chakula kichafu inaweza kumlaza vibaya mwenye B.

Nikaomba kadi ya mtoto. Penta ya wiki ya 6 ipo, ya 10 ipo, ya 14 hakuna. Walikuwa shambani, msimu wa korosho. Sasa penta ina kinga ya B ndani yake, na asiye na B, D haina pa kukaa.

Tukamchoma pale pale. Mama naye nimempangia siku ya kwenda kupimwa ini, aje na baba watoto.