Aliyeonyesha Njia: Kusoma Tawasifu ya Mateka Nikiwa Ndabibi

Mintarafu ya tawasifu za mateka, wahakiki aghalabu huuliza swali moja: msimulizi alistahimili vipi? Nami niliingia na swali hilo nilipoanza kusoma *A Long Walk Home*, kitabu cha Judith Tebbutt kilichochapishwa mwaka 2013. Nilitoka na swali jingine, na sikulipata maktabani bali jikoni kwa mama, Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha.

Kisa chenyewe kinajulikana. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2011, watu wenye bunduki walivamia hoteli ya ufukweni huko Kiwayu, kaskazini mwa Lamu. David Tebbutt aliuawa. Mkewe alitiwa mashuani akapelekwa Somalia, akazuiliwa huko siku 192, hadi fidia ilipolipwa na akaachiliwa tarehe 21 Machi 2012. Kifo cha mumewe alikuja kukijua akiwa bado kifungoni, kwa simu, kutoka kwa mwanawe.

Fani ya kitabu inafuata hali hiyo. Nafsi ya kwanza haitoki nje ya kile inachokiona: chumba, walinzi, saa za kutembea huku na huku ili miguu isilegee. Msomaji naye amefungiwa humo. Kwa maoni yangu, hizo za kutembea ndizo kurasa bora kuliko zote, kwani hazimwombi mtu huruma.

Jioni moja nilikuwa nikimfasiria mama kurasa za mwanzo, naye akichambua maharagwe. Akasita.

"Na huyo aliyewaonyesha njia, yeye asemaje?"

Sikuwa nimemtajia mtu wa namna hiyo. Nikamwambia kitabu ni cha yule mama wa Kiingereza.

"Najua ni chake. Lakini wageni hawajui nyumba za watu, mwanangu. Lazima yuko aliyewaongoza."

Kweli alikuwako mtu aliyesemekana kuwaongoza. Ali Babitu Kololo, Mboni, mrina asali na mkata kuni, alikamatwa mara tu baada ya uvamizi. Alieleza kwamba watu wale walimkuta msituni wakamlazimisha kwa bunduki awafikishe hotelini. Sehemu kubwa ya kesi yake iliendeshwa bila wakili, na bila ukalimani wa kutosha katika lugha yake. Mwaka 2013, mwaka uleule wa kitabu, alihukumiwa kifo. Hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 2023. Tebbutt mwenyewe aliiunga mkono rufaa yake, jambo ambalo msomaji wa kitabu hiki hana budi kulikumbuka kabla ya kumlaumu mwandishi.

Ikiwa maelezo ya Kololo ni ya kweli, basi usiku ule kulikuwa na mateka wawili kabla ya mashua kuondoka. Mmoja alipata mhariri, mchapishaji, na lugha inayosomwa duniani kote. Masimulizi ya mwingine yalibaki katika majalada ya mahakama, yakiwa yamepitia lugha za wengine. Sisi wahakiki tumezoea kupima ukweli wa tawasifu kwa unyofu wa "mimi" anayesimulia. Kipimo hicho ni chembamba. Tebbutt ni mnyofu kabisa, na bado unyofu wake hauwezi kufika msituni, saa chache kabla hajaamshwa.

Nilimwuliza mama alijuaje. Hakujibu upesi. Januari 2008, Naivasha ilipowaka, kijana wa jirani zetu alishikwa barabarani na kundi la vijana wenye mapanga, wakamtembeza mtaa mzima awaonyeshe milango ya watu wa kabila walilokuwa wakilitafuta. Alionyesha. Baadaye alirudi Ndabibi, na tangu hapo hualikwa arusini lakini haketi na watu. Hayo nilikuwa nikiyajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba mama, miaka yote hiyo, alikuwa akingoja mtu amwulize.

"Wewe ndiwe msomi," akasema, akirudia maharagwe yake.

Kijana huyo, ambaye sasa ni mtu mzima, hupita langoni petu karibu kila asubuhi akipeleka maziwa. Tunaamkiana. Kitabu nimekimaliza, na uhakiki wake nimeuandika, yeye sijamwuliza.