Tukalale Gesti na Nyumba Tunayo?

Karatasi waliyoniachia mafundi wa kupulizia povu darini ilikuwa na amri moja: watoke watu wote, hata paka, na asirudi mtu kabla ya saa 24. Hoteli haikuwamo kwenye bei. Hilo ndilo lililonipandisha mori, maana bei yenyewe ilishanitoa jasho katika Januari ya Minnesota.

Mama, aliyekuja kunisaidia kulea, alisikia habari hiyo akakunja uso. "Tukalale gesti na nyumba tunayo?" Mtu mzima na ushungi wake, aonekane anaingia gesti na begi mkononi! Nikamweleza kwamba kwenye hoteli za huku wanalala familia nzima, na chai ya asubuhi ipo. Hakunijibu, akaendelea kukunja kanga zake.

Lakini kazi ya kupulizia povu darini ukiiona, unaelewa kwa nini wanakufukuza. Lori linaegeshwa nje na mapipa mawili. Moja lina isosianeti, la pili poliyoli pamoja na vichocheo na dawa ya kupunguza kasi ya moto. Mipira mirefu inapandishwa hadi juu, na vitu hivyo havikutani mpaka kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia. Vikikutana, unatoka ukungu unaodaka mbao na kuumuka papo hapo kama maandazi yaliyozidishwa hamira. Fundi kavaa ovaroli nyeupe, glavu, na barakoa ya uso mzima yenye mpira unaomletea hewa kutoka nje. Hewa ya darini haivuti kabisa. Isosianeti inaleta pumu, na mwili ukishaikataa, baadaye hata chembe ndogo inatosha kukubana kifua.

Kwetu Tanga fundi rangi anamaliza kupiga vanishi saa kumi jioni, saa mbili usiku mmelala humohumo, macho yanawasha. Ukimuuliza harufu itaisha lini: "Itaisha yenyewe, dada." Marehemu baba alituhamishia kwenye nyumba ambayo chumba kimoja tu ndicho kilikuwa na mlango, eti kodi ya kupanga inatumaliza. Rangi ya mafuta tulikuwa tunainusa na wali.

Hata hivyo niwatetee kidogo mafundi wetu, ingawa hawastahili. Nyumba ya Tanga ina matofali ya matundu juu ya madirisha, ina wavu, ina uwazi kati ya ukuta na bati. Upepo wa bahari unaingia mlango wa mbele na kutokea uani bila kubisha hodi. Huku watu wanalipa maelfu ya dola ili upepo usipite, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu bili ya gesi ya kupasha nyumba nilishachoka kuilipa. Sasa ukiziba kila upenyo, kilichobaki ndani kitatokea wapi?

Ndiyo maana hizo saa 24 nina neno nazo. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, halitoi idadi moja ya saa kwa nyumba zote. Inategemea aina ya povu, unene wake, joto, unyevu na jinsi hewa inavyobadilishwa. Wapo watengenezaji wanaotaja saa 24, wapo wanaofika 72. Nikamuuliza msimamizi saa zake amezitoa wapi. Akasema ndivyo wanavyowaambia wateja wote. Huyo na yule wa "itaisha yenyewe" wanatofautiana kofia tu. Kisha nikamwona anaanza kufungua feni kubwa waliyoitega dirishani, ile inayotoa hewa nje. Feni waondoke nayo! Kwani harufu ina miguu? Tulibishana mlangoni hadi majirani wakachungulia. Feni ikabaki. Nikadai pia wafagie vipande vya povu walivyokata, maana vumbi la povu bichi nalo si la kuvuta.

Tuliporudi kutoka hotelini, nilifungua madirisha yote kwenye baridi ile, mama kavaa koti juu ya koti, ananiangalia kama nimerogwa. Povu lililochanganywa vibaya huweza kutoa harufu ya samaki, na likawa la kunata au la kumeng'enyeka. Kugusa niliwaachia mafundi; kunusa nilimwachia mama, maana pua iliyokulia karibu na mnada wa samaki wa Deep Sea kule Tanga haidanganyiki. Akanusa kona zote. "Hakuna samaki. Ila nyumba imekosa hewa."

Jioni nikampigia kaka yangu, anayepiga vanishi milango ya nyumba yake mpya. Nikamhutubia: watoto wapeleke kwa shangazi, fungua madirisha yote, msilale humo leo.

"Dada," akasema, "madirisha bado hatujaweka."