Mwezi wa Saba Ulio wa Tisa

Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa darasa la tano majina ya miezi. Kijana mmoja, mdogo kuliko wenzake wote, akasimama akaniuliza, "Mwalimu, Padre amenifundisha kuhesabu kwa Kilatini. Saba ni septem, nane ni octo, tisa ni novem, na kumi ni decem. Mbona basi Septemba ni mwezi wa tisa, na Desemba ni wa kumi na mbili?"

Sikujua jibu. Nami kwa kuona haya nikamkemea, "Keti! Jifunze uliyopewa." Wenzake wakamcheka. Siku ile hakuinua mkono tena.

Jioni sikuwa na raha. Nikatafuta vitabu vya tarehe, nikasoma mpaka mafuta ya taa yakanishia. Haya ndiyo niliyoyaona.

Hapo kale mwaka wa Warumi ulianza Machi. Ukihesabu tangu Machi, Septemba ni mwezi wa saba, na Desemba ni wa kumi. Baadaye waliuhamisha mwanzo wa mwaka hata Januari, lakini majina hayo hawakuyageuza. Tena mwaka wao ulikuwa na siku 355 tu, hata iliwapasa makuhani kuongeza mwezi mara kwa mara, ili hesabu ifuatane na jua. Makuhani wakalegea, sikukuu za mavuno zikawa zafika na mavuno yangali mbali.

Ndipo Julius Caesar, mtawala wa Roma, alipokata shauri kulitengeneza jambo hilo. Akapata msaada wa Sosigenes, mjuzi wa nyota wa Aleksandria katika Misri, kwa kuwa Wamisri tangu zamani walihesabu mwaka kwa siku 365. Mwaka wa 46 kabla ya Kristo ukarefushwa, ukawa na siku 445. Kisha ikaamriwa kila mwaka uwe na siku 365, na kila mwaka wa nne uongezwe siku moja. Julai umeitwa kwa jina la Julius, na Agosti kwa jina la Augustus, kaisari wa kwanza. Hesabu hiyo ndiyo tuitumiayo hata leo, ila Papa Gregory wa 13 aliisahihisha kidogo mwaka 1582.

Asubuhi nikamwomba radhi yule kijana mbele ya darasa zima, nikayaandika ubaoni niliyoyasoma. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama Jumamosi, Mwalimu! Mosi ni ya kwanza, lakini katika kalenda ya kanisani ni siku ya mwisho wa juma."

Nimelitaja jina hilo tangu utoto wangu, wala sikupata kulifikiri. Utawala wa Warumi ulianguka zamani sana, lakini hesabu yao tunayo vinywani kila siku. Nami kila niandikapo tarehe ubaoni, huwageukia wanafunzi nikauliza, "Nani ana swali?"