Dirisha la Mamangu

Mwaka juzi nilimfanyia mamangu wema uliomtesa. Nyumba yake ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa na madirisha ya mbao ya mabawa mawili, yaliyochakaa kwa chumvi ya bahari. Nikayang'oa, nikatia ya alumini na vioo, yale ya kusukuma kando. Wageni wakayasifu, nami nikafurahi kusifiwa.

Ilipoingia kaskazi na joto lake, mama hakutulia tena. Dirisha la kusukuma, hata ulifungue vipi, nusu yake husalia imezibwa, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya chenzake. Akiliacha wazi, wapita njia humuona. Akishusha pazia, upepo haupiti. Mzee wa miaka themanini akawa ashinda na mtandio kichwani chumbani mwake mwenyewe. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Mwanangu, lile la zamani nilikuwa nawaona watu, wao hawanioni." Nilitoka nimeinamisha uso.

Nikamwendea fundi seremala. Dirisha la bawaba hufunguka lote, na bawa lake likisimama nje huukinga upepo unaopita ukutani, likauelekeza ndani. Mabawa yakatiwa papi za mbao zilizoinamia nje: hewa ipite, jicho la njiani lisipite. Mvua za masika zikija, hufungwa kwa komeo yakabana fremu, na papi huyamwaga maji nje. Yale ya kusukuma yalikuwa yakijaza maji katika mfereji wao, kisha yakavujia ukutani.

Si kwamba hayana taabu. Bawaba za chuma huliwa na kutu upesi huku kwetu, tukatia za shaba, na bei yake nimeionja. Pasipo kulabu, upepo wa usiku huyabamiza mabawa hata mtoto akaamka akilia. Nondo nilizibakisha kwa ajili ya wajukuu, ila fundi aliacha nafasi ya kupitisha mkono. Na bawa la chumba cha nyuma tulilitundika upande ambao, likifunguliwa, huufunika ua wa jirani. Naye ana haki ya kusitiriwa vilevile.

Siku hizi baada ya Alasiri mama hukaa pale kichwa wazi, akinihesabia nani kapita na nani hakubisha hodi. Yale ya alumini yamo ghalani. Mwenye kuyahitaji kwa duka lake, na aje ayachukue.