Mpe Sampson Mpira

Mpira wa kikapu nilifundishwa na watu wawili waliokuwa wakigombana.

Nilifika Charlottesville, Virginia, mwishoni mwa 2017 kumtunza mzee wa Kizungu wa miaka 84. Wakenya wengi huku Marekani tumepitia kazi hii. Ukikutana na dada wa Thika au Kisii kwenye basi alfajiri, amevaa raba na macho ni mekundu, jua huenda anatoka kumgeuza nyanya ya mtu kitandani. Mzee wangu alikuwa mjane, na alikuwa ameanza kusahau: kwanza miwani, halafu jina la jirani, halafu kama amekula ama hajakula. Mwanawe, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alikuja kila siku timu ya Chuo Kikuu cha Virginia ilipocheza. Alikuja na pizza, na ugomvi ulianza kabla hajavua koti.

"Baba, leo tena tumekuja kulala mbele ya TV?"

"Ukitaka mbio, nenda ukaangalie farasi."

Mwanzoni nilidhani hawapendani. Baadaye nikaelewa hiyo ndiyo lugha waliyokuwa wamebaki nayo. Mama wa nyumba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma na hawakumtaja. Nyumba ilihitaji kuuzwa na hawakuitaja. Lakini Virginia wakikaa dakika tano bila kufunga, hao watu wangeongea mpaka usiku wa manane. Sikushangaa sana. Kwetu Kariobangi, baba yangu na kaka yangu walikosana wakakaa karibu mwaka mzima wakisalimiana kupitia AFC Leopards tu. "Ingwe imecheza aje?" ndiyo ilikuwa "uko salama?"

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kocha Tony Bennett, aliyeichukua Virginia 2009, alifundisha mpira wa polepole aliourithi kwa babake, Dick Bennett, ambaye pia alikuwa kocha. Sheria ya vyuo inakupa sekunde 30 kutupa mpira kikapuni, na Virginia mara nyingi walizitumia karibu zote. Timu nyingine zilitafuta alama themanini, tisini. Virginia wangeshinda kwa hamsini na kitu na waende nyumbani wameridhika.

Mzee alinieleza mfumo wa ushambuliaji siku nilipokuwa nikipanga dawa zake za wiki. Alininyang'anya chupa, akazipanga mezani. Chupa mbili kubwa, ya presha na ya kolesteroli, zilisimama pembeni: hao ni wazuiaji. Kazi yao kubwa si kufunga, ni kusimama kwenye njia ya walinzi. Chupa tatu ndogo zilizunguka: hao ni wakimbiaji. Kyle Guy anakimbia, anapita karibu kabisa na chupa kubwa, mlinzi wake anagonga ukuta, Guy anapokea pasi akiwa peke yake na anatupa. Nafasi isipopatikana, mnarudia upande wa pili. Hakuna haraka.

"Mlinzi ni binadamu," Mzee alisema. "Mkimbize sekunde ishirini na tano, lazima atasinzia mara moja."

Kijana (nilimwita kijana ingawa alikuwa na mvi) aliikuta ile meza, akachukua kichupa cha chumvi na kukiweka mahali pa chupa ya presha. "Na huyu? Huyu hatupi kabisa." Alimaanisha Jack Salt, jitu la kutoka New Zealand ambalo hata jina lake ni Chumvi. Hoja yake ilikuwa hii: ukiweka watu wawili wa kuzuia tu, mpinzani anawasahau hao na kuwaandama wale watatu. Na ukicheza polepole, mechi inakuwa na nafasi chache. Sasa kama wewe ni bora kuliko mwenzako, kwa nini umpunguzie nafasi za kukosea? Halafu siku mitupo yako ikikataa, muda wa kumfikia huna.

"Msimu huu tumepoteza mara ngapi?" Mzee aliuliza.

"Ngoja Machi."

Machi ndiyo mashindano ya taifa: timu 68, ukipoteza mechi moja unafunga virago. Machi 2018 Virginia waliingia wakiwa wameshinda mechi 31 na kupoteza 2, nambari moja nchi nzima. De'Andre Hunter, chipukizi aliyekuwa akitoka benchi na kubadilisha mechi, alikuwa amevunjika kifundo cha mkono siku chache kabla, lakini nani aliogopa? Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya UMBC, chuo cha Maryland. Katika mashindano ya wanaume, timu za nambari moja zilikuwa zimekutana na za nambari 16 mara 135, na hazikuwa zimepoteza hata mara moja.

Mapumziko ilikuwa 21–21. Kipindi cha pili UMBC walifunga alama 53. Jairus Lyles alimaliza mechi na 28 zake. Kila kitu ambacho kijana alikuwa akihubiri tangu majira ya baridi kilitokea mbele yetu: mitupo ya mbali ikakataa, wageni wakatangulia, na Virginia hawakuwa na gia ya kuwafukuza. 74–54. Nilimtazama kijana nikingoja aseme "si nilikuambia?" Hakusema. Alikunja boksi la pizza likawa dogo kabisa, akamfunika babake blanketi, akaenda.

Asubuhi nilipompelekea Mzee chai aliuliza, "Tulishinda?"

Kwenye mafunzo ya kazi hii tunaambiwa tusibishane na mtu anayesahau. Kuhusu matokeo ya mechi hawakutuambia kitu. Nikamwambia ukweli. Aliweka kikombe chini, akageukia dirisha. Asubuhi iliyofuata akauliza tena. Nikamwambia tena, na akaumia upya kabisa, kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Siku ya tatu nilimpigia kijana.

"Mwambie bado hawajacheza."

"Sitamdanganya babako."

"Kwa hivyo utamwumiza kila asubuhi ndio wewe ubaki msafi?"

Nilimkatia simu. Nilikuwa na hasira kwa sababu yeye alilala kwake na mimi ndiye niliyebeba chai. Pia nilikuwa na hasira kwa sababu sikuwa na jibu. Siku ya nne nilisema, "Bado, Mzee. Ni wiki ijayo." Akatabasamu, akamaliza uji wote. Mimi nikaenda bafuni, nikakaa juu ya kifuniko cha choo, nikampigia baba yangu Kariobangi. Aliniambia Ingwe imecheza aje. Nikamwuliza mguu wake unaendeleaje, swali ambalo sikuwa nimeuliza tangu nipande ndege. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Unauma, mama. Unauma sana usiku."

Uongo wangu haukufika mbali. Wiki hiyo hiyo TV ilirudia tena ile mechi ya aibu, na Mzee akaona. Nilikimbilia rimoti nikachelewa. Lakini hakulia. Alitikisa kichwa, akasema neno moja: "Chaminade."

Ndipo nikasimuliwa. Desemba 1982, Virginia wakiwa nambari moja, na Ralph Sampson wao wa futi saba na inchi nne, walienda Hawaii wakafungwa 77–72 na chuo kidogo ambacho watu wengi hawakuwa wamekisikia. Siku hizo Mzee alikuwa na tikiti ya msimu mzima pale University Hall. Mechi ya Ijumaa iliyopita hakuikumbuka, ya miaka 35 nyuma aliijua mpaka jinsi redio ilivyokoroma. "Walirudi nyumbani," aliniambia, kana kwamba ni mimi ninayehitaji kubembelezwa, "wakacheza mechi iliyofuata."

Msimu uliofuata kocha alifanya kile kijana alichokuwa akililia. Hakuutupa mfumo wa babake, ila aliongeza mwingine: mchezaji mkubwa anapanda juu kumzuia mlinzi wa mwenye mpira, mpira unahamia upande wa pili, mkubwa mwingine anapanda, tena na tena, mpaka mtu akosee. Hunter alipona. Ty Jerome akawa ndiye anayeamua mpira uende wapi. Kijana angepaswa kufurahi, lakini hakuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba ameshinda. Mzee sasa alikuwa akitazama kimya, na kila Virginia walipokwama aliinua mkono na kusema, "Mpe Sampson!" Sampson alimaliza chuo 1983.

Mara za kwanza kijana alimsahihisha. "Baba, Sampson hayuko." Mzee alimtazama kama mtoto mkaidi. Baadaye kijana akaacha kusahihisha, kisha akaacha kuongea. Pizza ilipoa mezani.

Usiku mmoja wa Januari alinifuata jikoni. "Unajua kubishana?"

"Mimi ni wa Kariobangi."

"Sawa. Leo wewe ni mimi."

Basi nikakaa kwenye kochi na kuanza kuutukana mfumo. Nilisema ni mpira wa wazee. Nilisema Salt akae benchi, aingie Mamadi Diakite. Kijana, kwa sauti ya babake, akaniuliza, "Ama unamtaka kwa sababu ni Mwafrika?" Diakite ni wa Conakry, Guinea.

"Namtaka kwa sababu anaruka. Na ndiyo, ni Mwafrika."

"Bila Salt nani atamfungulia Guy njia?"

Tukaendelea hivyo, yeye akitetea kila alichokuwa amekipinga maisha yake yote, mimi nikirusha maneno yake mwenyewe usoni mwake. Nafikiri kuna mahali alisahau kwamba anaigiza. Mzee aligeuza kichwa huku na huku akitufuata. Halafu kidole chake kikaanza kutembea juu ya blanketi, kikizunguka kitu kisichoonekana. "Kubwa zinasimama," alisema. "Ndogo zinakimbia." Kijana alienda jikoni kuongeza barafu na akakaa huko muda mrefu kuliko barafu inavyohitaji.

Hivyo ndivyo tulivyofika Machi 2019. Dhidi ya Purdue, muda ukiyoyoma, Diakite aliupiga mpira ukarudi mbali kule nyuma, Kihei Clark akaukimbilia na kumrudishia kwa pasi ndefu, na Diakite akatupa, mechi ikaenda muda wa nyongeza. Nilipiga kelele kwa Kiswahili mpaka Mzee akacheka. Kijana alinilipa dola 20 bila kuambiwa. Dhidi ya Auburn, Guy alifunga mitupo mitatu huru ikiwa imebaki sehemu ya sekunde moja: 63–62.

Fainali ilikuwa Aprili 8, Minneapolis, dhidi ya Texas Tech. Mzee alilala kabla ya mapumziko. Zikiwa zimebaki sekunde 12, Hunter, yule yule wa mkono uliovunjika, alitupa kutoka pembeni na kusawazisha. Ikaishia 68–68. Baada ya muda wa nyongeza ilikuwa 85–77, na Hunter alikuwa na alama 27. Ubingwa wa kwanza kabisa wa Virginia, na sisi wawili tukaruka ruka tukiwa na soksi tusimwamshe mwenyewe.

Kijana alikataa kwenda kwake. Alilala kwenye kochi na viatu. "Kesho chai nitapeleka mimi," alisema.

Asubuhi nilisimama mlangoni na chupa za dawa. Mzee alipokea kikombe, akakipuliza.

"Tulishinda?"

"Tulishinda, Baba. Sisi ni mabingwa."

Mzee alifunga macho. Nilidhani amerudi usingizini.

"Sampson alipata ngapi?"

Kijana alinitazama. Sikusema kitu.

"Ishirini na saba," alimjibu.