Profesa Wamba dia Wamba: mwalimu aliyeitwa kibaraka

Kila vita inapozuka upya huku mashariki, neno "kibaraka" linatembea haraka kuliko habari za mapigano. Linasikika sokoni, kwenye redio, hata kwenye foleni ya maji kambini. Mara nyingi mtu anaitwa hivyo kwa sababu ya sura yake, jina lake au lugha ya mama yake. Maisha ya Profesa Ernest Wamba dia Wamba yanafundisha kwamba kipimo hicho kinadanganya.

Wamba alizaliwa mwaka 1942 huko Sundi-Lutete, Bas-Congo, upande wa magharibi kabisa wa nchi. Alikuwa Mukongo. Alipata nafasi ya kusoma Marekani, akafundisha huko pia, na mwaka 1980 akahamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa mwalimu wa historia. Mwaka 1981 alirudi Zaire kutembelea. Watu wa Mobutu wakamkamata, kosa lake likiwa maandishi waliyoyaona ni ya uchochezi. Alipoachiliwa alirudi Tanzania kufundisha, na miaka ya 1990 akawa rais wa CODESRIA, baraza la watafiti wa Afrika.

Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: watu wa kawaida wanafikiri. Aliandika juu ya mbongi, baraza la Wakongo ambapo kijiji kizima kinakaa na kuzungumza mpaka tatizo lipate jibu. Kwake, siasa ya kweli ilipaswa kuanza hapo chini, si kwa wakubwa wala kwa mtutu wa bunduki.

Kwa hiyo wengi walishangaa mwezi wa nane mwaka 1998. Vita ilianza tarehe 2, na wiki mbili baadaye mwalimu huyo akatangazwa Goma kuwa kiongozi wa RCD. Rwanda na Uganda ndizo zilizokuwa na majeshi nyuma ya uasi huo. Kinshasa ikamwita kibaraka. Yeye alijitetea kwamba Laurent-Désiré Kabila alikuwa amefunga milango yote ya mazungumzo, na kwamba shabaha ya uasi ilikuwa siasa, si ushindi wa vita.

Pengine aliamini maneno yake. Lakini mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na Wamba hakuwa na kisu. Mwezi wa tano mwaka 1999 wenzake wa Goma walimwondoa, kiti akapewa Émile Ilunga. Wamba akabaki Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Mwezi wa nane mwaka huohuo majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana ndani ya mji huo. Mwaka 2000, mwezi wa sita, yakapigana tena siku sita, na mamia ya raia wakafa. Wakaaji wa Kisangani hawakuwa na ugomvi na yeyote kati ya hao wawili.

Wakati huo Wamba alikuwa amehamia Bunia. Huko Ituri, Wahema na Walendu walikuwa wakiuana, vijiji vikiteketea. Aliitwa rais, lakini hakuweza kuzima moto huo. Hata wasaidizi wake, Mbusa Nyamwisi na Tibasima, walimgeuka. Mtu aliyesifu baraza la kijiji alijikuta akitawala eneo ambalo neno lake halikusimamisha hata kikosi kimoja.

Baada ya mazungumzo ya Sun City aliingia katika seneti ya mpito, kisha akaendelea na kazi ya fikra na amani huko Kinshasa. Alifariki huko mwezi wa saba mwaka 2020, akiwa na miaka 78. Wanafunzi wake walimlilia mwalimu. Huko Ituri na Kisangani kuna waliobaki na makaburi, na hao nao wana haki ya kukumbuka.

Hakuna aliyeweza kusema Wamba alitoka ng'ambo ya mpaka. Wala hakukosa masomo au ujasiri. Kilichomfunga ni bunduki zisizokuwa zake. Ndiyo sababu kumnyoshea kidole jirani kambini, eti kwa pua yake au lugha yake, ni kumwonea mtu aliyekimbia risasi zilezile.

Anapokuja kiongozi mwingine na maneno matamu ya ukombozi, awe profesa au jenerali, aulizwe mambo matatu. Askari wake wanalishwa na nani? Akisema vita isimame leo, itasimama? Na wale waliokimbia nyumba zao, aliwauliza lini? Maswali hayo hayahitaji diploma. Mama anayepanga mawe ya jiko chini ya hema anaweza kuyauliza, na Wamba mwenyewe, siku zake za Dar es Salaam, angekubali kwamba mama huyo anafikiri.